Mti wa Yosamu Kwenye Ukurasa wa Idara

Hajara hakusema hapana kwa mdomo. Alilisukuma gunia la kahawa kwa mguu, taratibu kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala, mpaka likafika karibu na mlango wa stoo yake pale Bwera.

"Hajara, hujaingiza hata mkono," Ketura alisema. "Ndani ni ileile ya kila mwaka."

"Mama Night, mimi na weye tumetoka mbali. Lakini leo siwezi. Watu beko wanasema, na wanunuzi wangu wa ng'ambo beko na macho." Hajara alifuta kioo cha simu kwa ncha ya ushungi wake, akamgeuzia. "Angalia mwenyewe. Hii muti iko ya nani?"

Kwenye simu palikuwa na mti wa kahawa wenye majani ya manjano, matawi yameinama kama mikono ya mtu aliyechoka. Juu yake yalisimama maandishi mekundu: TAHADHARI, MNYAUKO WA KAHAWA. NG'OENI NA KUCHOMA MITI YENYE DALILI HIZI PAMOJA NA MITI INAYOIZUNGUKA. Chini kabisa palikuwa na nembo ya Idara ya Mazao ya Mlimani. Picha ilikuwa imetoka kwenye ukurasa wa idara hiyo mtandaoni, ikaingia WhatsApp ya wafanyabiashara wa kahawa, na kutoka hapo hakuna aliyejua imefika wapi.

Ketura alisogeza uso karibu. "Hili jiwe nalijua. Ndipo ninapopumzika nikitoka mtoni." Akacheka kwa mshangao, kama mtu aliyeona sura ya ndugu yake gazetini. "Huu si mti wetu wa chini ya njia? Night, njoo uone! Mti wetu umefika huku kabla yetu."

Kisha akasoma tena yale maandishi mekundu, neno kwa neno, na kicheko kikamwisha.

Night alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, gunia la pili bado liko begani. Hakuhitaji kusogea. Picha ile aliipiga mwenyewe mwezi uliopita. Maandishi yale aliyaandika mwenyewe siku ya Jumanne, kwenye ofisi ya idara hiyo mjini Kasese, alikokuwa akijitolea tangu amalize chuo. Alitafuta picha ya mti mgonjwa, akaikosa, akakumbuka kwamba anayo moja kwenye simu yake. Hata rangi nyekundu aliichagua yeye.

"Si kwa ubaya," Hajara alisema. "Siku watasema iko muzima, gunia hizi nitazipokea hata bila kufungua. Wallahi."

Night alinyamaza. Ndilo jambo lililomuuma kuliko yote baadaye, kwamba pale stoo alinyamaza.

Walirudi na mzigo. Pikipiki iliwafikisha mahali inapoishia barabara, na kutoka hapo wakapanda kwa miguu, kila mmoja na gunia lake kichwani. Ketura, ambaye hupanda njia ile akiimba, siku hiyo alihesabu pumzi. Walikutana na wanawake wawili wa kanisani kwao wakishuka na maharage. Kwa kawaida wangesimama, washushe mizigo, waulizane habari za watoto wote mmoja mmoja. Leo wale wawili walikanyaga majani pembeni na kuwaachia njia nzima, upana ambao hata maiti haipewi.

"Wanaogopa tutawapakaza vumbi la ugonjwa," Ketura alisema walipopita. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Afadhali ingekuwepo.

*

Nyumbani walimkuta Yosamu, baba yake Night, analinoa panga. Pembeni palikuwa na majembe mawili yaliyotiwa mipini mipya. Mbuzi wa Ketura alilia alipomwona, naye Ketura, kabla hata ya kunywa maji, akaenda kumsogezea majani pale anapomfunga siku zote, chini ya njia.

"Nobert alikuja," Yosamu alisema. Nobert alikuwa mwenyekiti wa kijiji. "Amesema Jumatatu asubuhi watakuja wote kunisaidia kung'oa. Miti yote, mpaka kwenye mpaka wa jirani yetu Masereka."

"Yote?" Ketura alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. "Ile aliyopanda mama yako?"

"Tangazo limesema na inayouzunguka. Na hiyo nayo inazungukwa na mingine. Nobert amehesabu, hakuna mti usiozungukwa." Alilipitisha panga juu ya jiwe tena. "Serikali ina miti mingapi ya kuchagua katika milima hii? Ikachagua wangu. Haiwezi kuwa imepotea njia ikafika mpaka hapa. Ila ninajiuliza mtaalamu alikuja lini. Mimi nipo hapa kila siku, sikumwona."

Night aliliweka gunia chini.

"Hakuja mtaalamu, Tata. Nilikuja mimi."

Baba yake aliinua macho.

"Picha ni yangu. Niliipiga nilipokuja kuwaona. Mkubwa wangu aliletewa barua kutoka juu kwamba ugonjwa umeonekana wilaya nyingine, kule mabondeni. Akaniambia tutangaze upesi, nitafute picha. Nikaweka hii. Sikufikiri kama mtu angeujua mti."

"Mti wa mtu!" Ketura alisema. "Nani asiyejua mti wa mtu?"

Yosamu aliliweka panga juu ya mapaja yake. Alimtazama binti yake kama anavyotazama mawingu yakisimama juu ya mlima, bila kuyagombeza.

"Sasa niambie jambo moja," alisema. "Uliloandika, ni kweli au si kweli? Mti wangu una ule ugonjwa, au hauna?"

"Sijui, Tata."

"Hujui."

"Sijui."

"Na mkubwa wako?"

"Naye hajui. Hatukuuliza mtu."

Kama angemfokea, Night angejua pa kuyaweka machozi yake. Lakini Yosamu alinyanyuka, akaliegemeza panga ukutani, akamwekea mkono begani, mkono mzito wenye harufu ya udongo.

"Basi nenda ukajue," alisema. "Leo ni Ijumaa. Jumatatu bado."

*

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeuliza. Hilo Night hakuwaambia wazazi.

Jumanne ileile, saa moja baada ya tangazo kutoka, msichana anayeitwa Atim alikuwa ameandika chini yake: "Samahani wakubwa wetu. Sisi tunasoma magonjwa ya mimea chuoni, mwaka wa tatu. Je, mmechuna gamba la shina mkaona ndani pakoje? Kwa majani peke yake mtu hawezi kusema ni mnyauko. Na huu unaonekana ni arabika ya mlimani, ambayo hapa kwetu ugonjwa huo si kawaida yake. Tunaomba kuona picha nzima."

Night alimsomea mkubwa wake, Bwana Erifazi. Naye alisema, bila kuinua kichwa, "Ficha hiyo. Watoto wa chuo wanapenda kujionyesha." Night akaificha. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Jumamosi asubuhi alipanda mpaka kwenye kilele kidogo nyuma ya kanisa, mahali ambapo simu hupata mtandao usiokatika. Akamwandikia Atim kwa jina lake mwenyewe, akamweleza yote. Hakujisafisha.

Jibu lilikuja kabla hajakaa vizuri. "Dada, asante sana kwa kujibu! Tuko kundi la watu kumi na wawili. Mwaka huu tumeandika kwenye kurasa nne za serikali, hakuna hata mmoja aliyetujibu. Tulidhani hamsomi."

"Tunasoma," Night aliandika. Akafuta. Akaandika tena, "Tunasoma, halafu tunaficha. Nisameheni."

Kisha Atim akatuma uso unaocheka na kulia kwa pamoja. "Sasa tusaidiane. Nimemwonyesha mwalimu wetu, Dakta Olanya. Yuko tayari. Lakini anasema hawezi kupinga tangazo la serikali kwa kunong'ona na mtu mmoja huku pembeni. Idara ituulize yenyewe, palepale chini ya tangazo, watu wote waone. Hapo atajibu kwa jina lake na la chuo."

Night alitazama chini. Shamba la baba yake lilionekana lote kutoka pale, miti imejipanga kufuata mgongo wa mlima, kijani, kijani, kijani, na ule mmoja wa manjano karibu na njia. Mmoja tu. Alikuwa hajawahi kuutazama kutoka juu.

*

Bwana Erifazi aliishi Bulembia, nyumba ndogo yenye uwanja uliofagiliwa vizuri. Jumapili mchana Night alimkuta amekaa nje juu ya kigoda, bado na suruali ya kanisani, akimenya maharage kwenye beseni.

"Binti, Jumapili?" alisema. "Kuna nini kisichoweza kungoja kesho?"

"Kesho saa mbili wanang'oa shamba la Tata, mzee."

Alimweleza. Alipofika kwenye picha, Erifazi aliacha kumenya.

"Ule mti ni wa baba yako? Uliniambia ni picha uliyonayo."

"Ninayo, mzee. Hukuuliza niliitoa wapi."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema."

Night alivuta kigoda kingine, akachota maharage, akaanza kumenya naye, kwa sababu mikono yake haikujua pa kukaa.

"Unachotaka," Erifazi alisema baadaye, "ni kwamba idara iandike mbele ya nchi nzima kumuuliza mwanafunzi. Sikiliza, binti. Ukurasa ule ni kama ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi. Umewahi kuona ubao unamjibu mtu?"

"Ubao hauwezi kuandikiwa na mtu aliye mbali, mzee. Huu unaweza."

"Ndiyo shida yake!" Alitupa ganda. "Hukuwepo mwaka juzi. Mkulima aliuliza habari ya miche, nikamjibu mwenyewe, kwa adabu. Kufika jioni watu mia mbili wamenitukana. Mwizi. Mla miche. Mke wangu alisoma. Mtoto wangu shuleni aliitwa mtoto wa Mla Miche muhula mzima. Tangu siku hiyo nikasema tutatangaza tu. Hatujibu."

Night hakuwa amejua hilo. Alimtazama mzee yule, miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba kile alichokidhani kiburi kilikuwa jeraha.

"Wataona hatujui," Erifazi alisema kwa sauti ya chini.

"Lakini hatujui, mzee. Hawa wa chuo hawakutukana. Waliuliza. Walisema samahani wakubwa wetu."

"Walisema hivyo?"

"Nilikusomea. Ulikuwa unasaini barua."

Erifazi alimenya maharage matatu, manne. Kisha akafuta mikono kwenye suruali ya kanisani, jambo ambalo mkewe angelitolea maneno, akasema, "Toa simu. Andika."

Akaanza kumtajia maneno kama anavyotaja kila barua ya ofisi: "Idara ya Mazao ya Mlimani, ikizingatia umuhimu wa ushirikiano na taasisi za elimu ya juu..." Akasita. "Futa hiyo. Andika hivi. Tulitangaza mti huu kuwa na mnyauko kabla ya kuupima. Tunawaomba wanafunzi na walimu wa chuo waliotuuliza watusaidie kuuangalia. Kesho saa mbili asubuhi. Wakulima wote msing'oe chochote mpaka hapo." Akapumua. "Weka na jina langu. Wakitukana, watukane mimi. Na lile swali la yule msichana lirudishe lilipokuwa."

Night aliligusa kwa kidole kimoja, likarudi.

"Aliomba na picha nzima," alisema. "Hii tuliikata pembeni ili ikae vizuri."

"Tulikata nini?"

Night alifungua picha yenyewe. Wakainamia simu wote wawili, vichwa vikakaribia kugongana.

"Aah," alisema Bwana Erifazi.

*

Jumatatu saa mbili kamili watu ishirini na kitu walikuwa wamejaa kwenye njia, majembe begani. Walikuwa wamekuja kwa moyo mzuri, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mmoja alikuwa amembebea Ketura ndizi za kumfariji.

Nobert alisimama mbele. "Yosamu, tumesikia kuna tangazo jingine. Tangazo la Jumanne linasema ng'oa, la jana linasema ngoja. Sisi tufuate lipi?"

"Lililokuja likiwa na swali," Yosamu alisema. "Tusikie jibu lake."

Bwana Erifazi alikuwa amekuja mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimekwisha kwa tope. Night aliinua simu. Mtandao ulikatika mara mbili, watu wakaguna. Mara ya tatu uso wa Atim ukatokea, msichana mwembamba mwenye kofia ya sufu, na nyuma yake vichwa vingine vingi vikisukumana, na pembeni mwanamume mwenye mvi.

"Habari za asubuhi, wazee wetu," Atim alisema. "Nani ana kisu?"

Yosamu akachomoa kisu chake.

"Tata, piga magoti karibu na shina. Chuna gamba kidogo, chini kabisa, juu tu ya udongo. Kama ni mnyauko, ndani patakuwa na weusi, kama mtu aliyemwaga wino."

Yosamu alipiga magoti. Alichuna. Ganda likainuka, likakunjamana kama karatasi. Ketura alifunika macho.

"Nionyesheni karibu," alisema Dakta Olanya.

Ndani palikuwa peupe. Peupe kama muhogo.

Watu wote walipumua kwa mara moja. Nobert akainama akaangalia, akagusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Huo si mnyauko," Dakta Olanya alisema. "Nasema hadharani, na jina langu liandikwe. Lakini mti huu ni mgonjwa kweli. Dada, pandisha simu kidogo. Hapo, usawa wa goti. Mnaona ile alama inayozunguka shina?"

Palikuwa na mfereji, umezama ndani ya gamba kama pete kwenye kidole kilichonenepa. Juu yake shina lilikuwa limevimba.

"Kitu kimelinyonga shina hapa," Atim alisema. "Muda mrefu. Chakula hakipiti. Ndiyo maana majani yamegeuka manjano. Tuliona kwenye picha nzima aliyotuma Dada Night jana. Mama, nani hufungwa hapa?"

Aliyejibu alikuwa mwenyewe aliyeulizwa. Mbuzi, ambaye Ketura alikuwa amemfungua kuwapisha wageni, alilia kwa nguvu kutoka nyuma ya nyumba.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha wawili. Kisha kicheko kikashuka njia nzima, mpaka yule mwenye ndizi akaziangusha.

"Mama Night!" Nobert alisema akifuta machozi. "Mbuzi wako alitaka kutung'olea kijiji!"

"Miaka minne namfunga hapo," Ketura alisema, mikono kichwani. "Kwa sababu kuna kivuli. Nilimwonea huruma mbuzi, nikaunyonga mti." Akacheka, na katikati ya kicheko akalia, na Yosamu akamshika bega kama alivyomshika binti yake siku ile.

Dakta Olanya aliwaambia waukate mti ule mmoja, chini ya alama, kwa mshazari ili maji yateleze, wasubiri uchipue. Yosamu aliukata mwenyewe, kwa lile panga alilolinoa kwa ajili ya shamba zima.

Alipomaliza, Bwana Erifazi alimgeukia. Alivua kofia. "Mzee Yosamu, tulikutia aibu."

"Mlinitia," Yosamu alisema. "Lakini mmepanda mlima kuja kuiondoa. Kaa, kuna chai."

*

Wiki hiyo idara ilitoa tangazo jipya, na safari hii picha haikukatwa. Mti, jiwe, kamba, na mbuzi akitazama kamera kama mheshimiwa. Lilisambaa kuliko lile la kwanza, maana watu hupenda kusambaza kinachowachekesha. Hajara alipiga simu kutoka Bwera, akasema, "Leteni zile gunia. Na mbuzi yenu hapa iko maarufu."

Matusi yalikuwepo, kama kumi na matano. Bwana Erifazi aliyasoma yote, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akasema, "Nilidhani yatakuwa mengi zaidi." Kati ya matusi hayo mtu wa Maliba alikuwa ameuliza kuhusu madoa meusi kwenye maharage yake.

"Umemjibu nini?" alimuuliza Night.

"Nimeandika kwamba hatujui, mzee. Kwamba tunawauliza wa chuo, tutarudi kwake Alhamisi."

Erifazi alifikiri. "Mwombe picha ya shamba zima," alisema.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, chini ya lile tangazo la mbuzi, iliingia picha kutoka simu ya Ketura. Ilikuwa imepigwa upande, na kidole cha mtu kimeziba pembe moja. Kwenye kisiki cha kahawa yalikuwa yametokea machipukizi matatu, mabichi, yanang'aa. Nyuma yake, mbali na mti wowote, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigingi kipya cha mti wa msituni.

Yosamu, ambaye hakuwahi kuandika popote zaidi ya daftari la kanisa, alikuwa ameandika maneno mawili chini yake, kwa wanaokata picha kule idarani.

"Mbuzi abaki."